Mwanasiasa anapokuwa mdhibiti wa umeme na maji: jinsi ya kuifuatilia kazi yake ukiwa Mwanza

Wakazi wengi wa Mwanza husikia habari za mdhibiti siku bei inapopanda. Mwenye mashine ya kusaga Buhongwa hugundua kwamba uniti alizonunua kwa fedha ileile hazimalizi wiki, mwenye mtumbwi wa injini katika mwalo wa Kirumba hupiga upya hesabu ya petroli ya kwenda Ukerewe, na familia iliyojenga juu ya mawe ya Mabatini huletewa ankara ya maji isiyofanana na ya mwezi uliopita. Ndipo huulizwa ni nani aliyeamua, na ikitokea kwamba miongoni mwa walioamua yumo aliyewahi kuwa mbunge, waziri au diwani, mazungumzo huhama mara moja kutoka kwenye bei na kwenda kwenye chama chake na kampeni zake za zamani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kwenda mbali zaidi ya hapo: mtangazaji wa redio ya jamii, mwanafunzi wa uandishi wa habari pale SAUT Malimbe, diwani, au mjumbe wa kamati ya watumiaji wa huduma, ambaye anahitaji kuandaa faili la safari ya kikazi ya mwanasiasa wa namna hiyo na kulitumia siku atakapokaa naye ukumbi mmoja.

Siamini kwamba kupita kwenye siasa kunamwondolea mtu sifa ya kuwa mdhibiti. Aliyezunguka kata kwa kata akiomba kura huenda anajua kuliko mhandisi wa ofisini maana ya kununua maji kwa dumu, na aliyekaa kwenye kamati ya Bunge anajua namna bajeti inavyochelewa. Kinachopaswa kupimwa ni maamuzi aliyoyapitisha baada ya kuvaa koti jipya, yakiwekwa kando ya maneno aliyoyasema alipovaa lile la zamani, na kando ya maslahi ya wale waliomfikisha alipo. Mengine yote katika faili ni ya kusaidia ulinganisho huo.

Tambua kwanza kiti anachokalia

Wengi huanza na jina la mtu, ilhali kiti ndicho kinachoeleza anaweza nini na hawezi nini. Kwa Tanzania Bara, umeme, mafuta ya petroli, gesi asilia na huduma za mamlaka za maji ziko chini ya EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ambayo ni Sura ya 414, na kuanza kazi mwaka 2006. Nauli za mabasi na daladala ziko LATRA, na mawasiliano ya simu yako TCRA. TANESCO na MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, si wadhibiti hata kidogo. Hao ni watoa huduma wanaodhibitiwa, ingawa mtaani lawama zote hutupwa kapu moja.

Ndani ya EWURA kwenyewe kuna viti vya aina mbili, na ni lazima ujue mtu wako anakalia kipi. Mwenyekiti wa Bodi huteuliwa na Rais, wajumbe wengine wasio watendaji huteuliwa na Waziri, na hawa hukutana kupitisha maagizo, yakiwemo ya bei. Mkurugenzi Mkuu ndiye mtendaji anayeongoza wahandisi, wachumi na wanasheria wanaochambua maombi kabla hayajafika mezani kwa Bodi. Mwanasiasa wa zamani hukutwa zaidi kwenye uenyekiti kuliko kwenye utendaji. Kwa hiyo ukimlaumu mwenyekiti kwa sababu fundi wa TANESCO hajafika Igoma, umekosea mlango. Ukimuuliza kwa nini Bodi iliidhinisha makadirio fulani ya upotevu wa maji, hapo umegonga penyewe.

Marekani kiti hiki kina sura nyingine, na inafaa kuijua kwa sababu ndiko safari ya kutoka bunge la jimbo kwenda kwenye udhibiti ilikozoeleka zaidi. Kila jimbo lina tume yake ya huduma za umma. Wisconsin na New York ziliunda tume za aina hiyo mwaka 1907, na majimbo mengine yakafuata. Takriban majimbo kumi, miongoni mwao Georgia, Louisiana, Alabama na Arizona, huwachagua makamishna kwa kura za wananchi, na katika mengi ya yaliyobaki gavana huteua, kisha bunge la jimbo likathibitisha. Tofauti hiyo si ya taratibu tu. Anayechaguliwa hutafuta fedha za kampeni, hivyo mtafiti hufuata fedha. Anayeteuliwa hutegemea hisani ya aliyemteua, hivyo mtafiti huangalia maamuzi yaliyotolewa wakati mteuaji alipokuwa na jambo lake. Kwa mdhibiti wa kwetu, swali la pili ndilo lenye uzito.

Safari huweza pia kwenda kinyume. Huey Long aliingia kwenye tume ya reli ya Louisiana kwa kura mwaka 1918, akajijengea jina kwa kupambana na kampuni kubwa, na kufikia mwaka 1928 alikuwa amechaguliwa gavana. Kwa hiyo usifunge faili kwa dhana kwamba kiti cha udhibiti ni mahali pa kustaafia.

Kusanya aliyoyasema na aliyoyapigania

Ukishajua kiti, rudi nyuma kwenye maisha ya siasa. Chanzo cha kwanza ni Kumbukumbu Rasmi za Bunge, yaani Hansard, ambazo Bunge huziweka kwenye tovuti yake. Usisome kila kitu. Tafuta mijadala ya bajeti za wizara za nishati na maji, maswali ya papo kwa papo, na miswada iliyohusu huduma hizo. Kwa aliyekuwa diwani wa Ilemela au Nyamagana, chanzo ni mihtasari ya vikao vya baraza la madiwani, ambayo hupatikana kwa kuomba ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri. Magazeti ya zamani husaidia kupata ahadi za kampeni, lakini ahadi ya jukwaani iandike kama ahadi ya jukwaani, usiipandishe cheo ikaitwa sera.

Mfano wa karibu ni Profesa Mark Mwandosya. Alikuwa mhadhiri wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatumikia ngazi za juu katika wizara iliyoshughulikia nishati, kisha akawa mbunge wa Rungwe Mashariki tangu mwaka 2000 hadi 2015. Mwaka 2005 aliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais. Tangu mwaka 2008 alikuwa Waziri wa Maji na Umwagiliaji, na ni katika kipindi hicho ambapo Bunge lilipitisha sheria mbili za mwaka 2009, moja ya usimamizi wa rasilimali za maji na nyingine ya huduma za maji na usafi wa mazingira. Baadaye Rais alimteua kuwa Mwenyekiti wa Bodi ya EWURA. Mtu anayetaka kuandika habari zake kwa uangalifu ataona kwamba hapa hakuna hadithi ya mwanasiasa mtupu aliyepewa kiti asichokijua. Yupo mtaalamu aliyepita siasani, na aliyesimamia utungaji wa sheria katika sekta aliyokuja kuidhibiti. Swali lenye manufaa basi si kama anafaa. Tafuta hotuba zake za wakati wa mswada wa mwaka 2009 uone alivyoeleza uhusiano wa mamlaka za maji na mdhibiti, halafu usome sheria ya mwaka 2019 iliyochukua nafasi ya ile ya huduma za maji, ndipo uangalie maagizo ya Bodi yanasimama wapi kati ya hizo mbili. Hiyo ni kazi ya wiki nzima, na haina uhondo wa kijiweni, lakini ndiyo inayoleta kitu kipya.

Hakikisha pia majina. Kwenye Kamisheni ya Mashirika ya Arizona, ambayo ndiyo mdhibiti wa umeme na maji wa jimbo hilo, waliwahi kukaa kwa wakati mmoja makamishna wawili wenye jina la ukoo la Burns, Brenda na Bob, na wote wawili walikuwa wamewahi kuwa maspika wa Seneti ya jimbo. Mtu anayetafuta kwa haraka kwenye mtandao humpa mmoja kura ya mwenzake. Kwetu, ambako majina ya wabunge hufanana na mtoto hurithi jimbo la baba, hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa hiyo andika kila mara jina kamili, jimbo na miaka.

Soma maagizo ya bei, maana ndimo alimotia mkono

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapoishia kwa uvivu. Hotuba ya mdhibiti ni ya adabu siku zote. Agizo la bei halina adabu. Linasema nani atalipa nini kuanzia tarehe fulani.

Ili usome agizo, unahitaji kuelewa namna bei inavyojengwa. Mtoa huduma hupeleka maombi akionyesha mapato anayohitaji: gharama za uendeshaji, uchakavu wa mitambo, marejesho ya mikopo au faida juu ya mtaji, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa uniti anazotarajia kuuza. Mdhibiti hukagua kila kipande, akakata kisichostahili. Kwa maji ya Mwanza vipande hivyo vinaonekana kwa macho. Maji huvutwa ziwani, yakiwemo yanayosafishwa Capri Point, na kwa kuwa mji umejengwa juu ya vilima vya mawe, lazima yasukumwe kwa pampu hadi kwenye matenki ya juu ndipo yashuke kwenye nyumba za Isamilo, Igogo na Bugando. Pampu hizo hula umeme, na hivyo bei ya umeme anayoiidhinisha mdhibiti huyohuyo hujitokeza tena ndani ya bei ya maji. Mtu akikuambia umeme na maji ni mafaili mawili tofauti, mwonyeshe mlima.

Tazama vilevile mtaji. Chanzo kipya cha Butimba kilijengwa kwa uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, kwa ushirikiano wa Serikali na wafadhili wa Ulaya. Kwenye maombi ya bei, swali la kuuliza ni sehemu gani ya gharama ya mradi kama huo imeingizwa kama ruzuku, ambayo mtumiaji hapaswi kulipishwa tena, na sehemu gani imeingizwa kama mkopo. Mjumbe wa Bodi aliyetoka siasani, ambaye pengine alikata utepe wa mradi wa aina hiyo akiwa waziri au mkuu wa mkoa, ana sababu ya kuujua mkataba kuliko wengine, na pia ana sababu ya kutopenda kuonekana kwamba mradi ule umewapandishia watu bei. Yote mawili yaandike.

Kipande cha tatu ni upotevu wa maji, yaani yanayosukumwa bila kulipiwa kwa sababu ya mabomba yanayovuja, mita mbovu au maunganisho ya wizi. Mdhibiti akiruhusu kiwango kikubwa cha upotevu kiingie kwenye hesabu, anayelipa kwa uaminifu humlipia mwizi na bomba bovu kwa pamoja. Akiweka kiwango kidogo kupita uhalisia, mamlaka itakosa fedha za kununua dawa na vipuri. EWURA hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji yenye takwimu hizi. Chukua ya miaka kadhaa mfululizo, uone kama kiwango kilichoidhinishwa na kile halisi vinakaribiana au vinaachana tangu mtu wako aingie kwenye Bodi.

Kwa mafuta, tahadhari. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hutoka kwenye kanuni ya hesabu inayobeba bei ya soko la dunia, thamani ya shilingi, gharama za uagizaji na kodi, pamoja na usafirishaji kutoka bandarini, ndiyo maana mtu wa Mwanza hulipa zaidi ya mtu wa Dar es Salaam kwa lita ileile. Mwanasiasa aliyegeuka mdhibiti hastahili sifa petroli inaposhuka, wala matusi inapopanda. Anastahili kuulizwa pale kanuni yenyewe inapobadilishwa. Nimesikia mara nyingi watu wakimvisha mtu kilemba cha ukoka kwa mwezi mmoja wa nafuu ambao ulitokana na soko la Ghuba.

Kama kuna tukio moja ambalo kila faili la mdhibiti wa Tanzania linapaswa kulitaja, basi ni la mwisho wa mwaka 2016. TANESCO ilikuwa imeomba bei ya umeme ipande kwa asilimia 18.19. EWURA, baada ya kusikiliza maoni na kuchambua, ikaidhinisha wastani wa asilimia 8.53 kuanzia tarehe 1 Januari 2017. Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Profesa Sospeter Muhongo, akalisimamisha ongezeko hilo kabla halijaanza, na siku hiyo ya mwaka mpya Rais John Magufuli akamwondoa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO. Mwananchi alishangilia, na ni haki yake, kwa kuwa mfuko wake ulipona. Lakini kwa anayechunguza udhibiti, tukio hilo huacha swali ambalo kila mjumbe wa Bodi anayeteuliwa baada yake anastahili kuulizwa: agizo lililopita hatua zote za kisheria likigongana na utashi wa kisiasa, wewe utasimama wapi? Kwa aliyetoka siasani swali hilo ni zito maradufu, maana waliomzunguka jana ndio wanaompigia simu leo. Sheria inayo njia yake ya kupinga uamuzi wa EWURA, nayo ni rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Angalia kama mtu wako, alipokuwa mbunge, aliwahi kuitetea njia hiyo au alikuwa mstari wa mbele kudai waziri aingilie kati.

Fuata fedha, hata pale zinapopita mbali

Mdhibiti huendeshwa kwa fedha za wanaodhibitiwa. Sheria ya EWURA inaruhusu tozo isiyozidi asilimia moja ya mapato ghafi ya watoa huduma, na tozo hiyo hatimaye hulipwa na mtumiaji. Huu ni utaratibu wa wazi na una sababu yake, kwamba mdhibiti asiende kuomba posho kwa waziri. Fedha za kuchunguza ni zile zisizo na utaratibu.

Arizona inatoa somo ambalo sijaona lingine lililo wazi kama hilo. Bob Burns alikuwa Spika wa Seneti ya jimbo kati ya mwaka 2009 na 2011, mtu wa chama cha Republican, na alichaguliwa kuingia kwenye Kamisheni mwaka 2012. Katika uchaguzi wa Kamisheni wa mwaka 2014 vikundi visivyotaja wafadhili wake vilimwaga fedha kuwapigia debe baadhi ya wagombea, na wengi wakashuku kwamba fedha zilitoka kwa kampuni kubwa ya umeme ya jimbo, Arizona Public Service, au kampuni mama yake, Pinnacle West. Burns alitaka kujua. Kampuni ilipokataa kusema, mwaka 2016 alitoa hati za kuidai ilete kumbukumbu zake. Wenzake kwenye Kamisheni hawakumuunga mkono, na mwaka 2017 Kamisheni ilipoidhinisha ongezeko la bei la kampuni hiyo, yeye alipiga kura ya kukataa. Akaenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Arizona ikakubali kwamba Katiba ya jimbo inampa kamishna mmoja mmoja uwezo wa kuchunguza. Kabla ya hukumu hiyo, mwaka 2019, kampuni ilikuwa imekwisha kukiri kwamba ilitumia takriban dola milioni 10.7 katika uchaguzi wa mwaka 2014.

Katika kisa hicho yumo mwanasiasa mwingine wa jimbo, Sandra Kennedy wa chama cha Democratic, aliyekaa miaka mingi katika bunge la Arizona kabla ya kuwa kamishna. Aligombea mwaka 2014 akashindwa, akarudi kwa kura za mwaka 2018, na yeye na Burns, watu wa vyama vinavyopingana, wakajikuta upande mmoja kuhusu kufichuliwa kwa fedha zile. Yeyote aliyetabiri msimamo wao kwa kuangalia kadi za vyama alikosea. Na hapo ndipo ninapopata hoja yangu dhidi ya wale wanaosema mwanasiasa hawezi kumdhibiti mtu: aliyeng'ang'ania hadi mwisho ni mwanasiasa mkongwe, aliyezoea kubaki peke yake kwenye kura.

Kwetu hakuna uchaguzi wa wadhibiti, hivyo usilete maswali ya Arizona kama yalivyo. Badala yake, chunguza hisa na ukurugenzi wa kampuni za mafuta, za ujenzi wa miradi ya maji na za uzalishaji umeme, kwa mtu mwenyewe na kwa jamaa zake wa karibu, kadiri kumbukumbu za usajili wa kampuni zinavyoruhusu. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi kupeleka matamko ya mali na madeni kwenye Sekretarieti ya Maadili. Kulikagua tamko la mtu kuna masharti, na usijaribu kuyaruka. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo huwasilishwa bungeni mwezi Aprili, hutaja mashirika ya umma kwa majina na madeni yao, na mara nyingi humo ndimo unapokuta kwamba taasisi alizozisimamia mtu wako akiwa waziri ndizo zilizokuwa zinadaiwa ankara za maji na umeme.

Omba, uliza, na mpe nafasi ya kujibu

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, nayo taasisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Andika barua fupi, ya heshima, inayotaja waraka mmoja bayana: agizo la bei la tarehe fulani, au ripoti ya uchambuzi wa maombi ya mamlaka fulani. Barua inayoomba “taarifa zote kuhusu mheshimiwa” haijibiwi, na kwa kweli haistahili kujibiwa. EWURA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na ni vyema barua ipelekwe kwa mkono na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mahali pa kumuuliza mdhibiti ana kwa ana ni mkutano wa taftishi, ambao huitishwa kabla ya bei kubadilishwa ili wananchi na wadau watoe maoni. Humo husikika pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, lenye kamati zake mikoani, na lile la ushauri la Serikali. Kwa bahati mbaya taftishi nyingi huliwa na salamu za viongozi na malalamiko ya mtu mmoja mmoja kuhusu mita yake, ambayo kwa haki yake yangepelekwa kwanza kwa mtoa huduma, kisha EWURA. Ukipewa kipaza sauti una dakika mbili. Usitoe hotuba. Sema: “Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo. Mwaka fulani ukiwa bungeni ulisema kwamba gharama za upotevu wa maji zisibebwe na mwananchi. Maombi haya, kwenye jedwali la ukurasa huu, yameweka upotevu wa kiasi hiki. Je, Bodi yako itaukata?” Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa kusema suala hilo linafanyiwa kazi, na hata likijibiwa hivyo, jibu lenyewe ni habari na litaingia kwenye faili.

Kabla ya kuchapisha au kutangaza chochote, mpelekee mhusika maswali yako kwa maandishi na umpe muda unaotosha. Tenganisha kwa ukali ushahidi na tetesi, hasa kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayesambaza uongo kwa makusudi huku akijua ni uongo, na kwa kuwa mtu aliyechafuliwa kwa tetesi hupata kisingizio cha kukwepa hata maswali ya haki. Ukikuta kwamba ameamua vizuri, andika hivyo bila kusita. Mjumbe aliyekata asilimia 18 zikawa 8 amefanya kazi ngumu ambayo hakuna atakayempigia makofi kwayo.

Muda wa mdhibiti ukimalizika, faili libaki wazi kwa miaka michache. Andika amekwenda wapi: kama ameajiriwa au kuingia kwenye bodi ya kampuni aliyokuwa akiipangia bei, kama amerudi kugombea ubunge, na kama kwenye kampeni hiyo mpya anajisifia maagizo aliyoyapitisha au anayakana. Rudia kuyasoma maagizo yake ya miezi 12 ya mwisho kwa jicho hilo, ukianza na yale yaliyomhusu mwajiri wake mpya, na uweke nakala za karatasi za kila waraka, kwa sababu kiungo cha tovuti kilichofunguka leo huenda kesho kisifunguke.